Sawa Si Jibu

Tuliopita mikononi mwake tukikutana siku hizi, swali huwa moja: figo zake zitadumu? Huwa najibu kwamba sijui, na kweli sijui. Inategemea kitu ambacho hakionekani kwenye damu yake wala kwenye karatasi ya maabara, nacho ni kama ataacha vidonge vya mgongo. Mtu aliyetufundisha kuandika dawa bila kumdhuru mgonjwa anajidhuru kwa dawa, polepole, huku akijua. Nimejaribu kuanza habari zake mahali pengine, na kila mara nimejikuta narudi hapo hapo.

Jina lake nitaliacha. Akiwa karibu tulimwita Daktari, na akiwa mbali tulimwita Mzee wa Nukta. Alikuwa na wodi ya wanaume katika hospitali moja ya Shinyanga, ambako chuo kilitupeleka kujifunza kwa vitendo. Hakuwa na somo kwenye ratiba yetu. Alikuwa na raundi ya asubuhi tu, shati la mikono mifupi lenye mfuko mmoja uliovimba, na sauti ya mtu ambaye amesema jambo lile lile miaka mingi na hategemei tena kusikilizwa.

Jina la Nukta alilipata kwa haki. Mwenzetu mmoja, kijana nadhifu aliyependa kutembea na kifaa chake cha kusikilizia moyo shingoni hata kantini, alimwandikia mgonjwa dawa ya moyo. Kipimo kilikuwa chini ya miligramu moja, akaandika nukta kisha tano, basi. Daktari aliipokea karatasi, akachovya kidole kwenye kikombe cha chai kilichokuwa mezani, akapitisha kidole juu ya maandishi. Kisha akampa karatasi mwanafunzi mwingine na kumwambia asome. Yule akasoma tano.

"Tano," akarudia Daktari. "Sasa mpeni, tumzike."

Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba karatasi ya hospitali inapita kwenye jasho, kwenye mvua, kwenye kanga ya mama aliyefunga mtoto, na kwamba katika maandishi yote nukta ndiyo hufa kwanza. Weka sifuri kabla yake. Ukiweza, andika kwa maneno: nusu, robo. Na namba ikiwa kamili usiiwekee nukta na sifuri nyuma, maana nukta ikifa hapo moja inakuwa kumi. Yule kijana nadhifu alikasirika siku nzima. Mpaka leo anaandika "nusu" kwa herufi, amenionyesha mwenyewe.

Mimi aliniita Mama Kwa Nini. Sina mtoto anayeitwa hivyo, wala kwa wakati ule sikuwa na mtoto wa aina yoyote. Ni kwamba nilikuwa nauliza. Kwa nini sifuri mbele, nani alipima kwamba inasaidia? Kwa nini tuandike jina la dawa yenyewe na si jina la kampuni, wakati mwenye duka la dawa anajua la kampuni tu? Kwa nini mgonjwa huyu ana vidonge vya aina nyingi kiasi hiki? Maswali mengine aliyapenda, na mengine yalimchosha waziwazi, akafumba macho kama mtu anayepisha gari lenye vumbi. Mara moja tu alinijibu kwa hasira, akasema kuuliza kwangu kungekuwa na faida zaidi kama ningekuwa namwuliza mgonjwa.

Nilidhani ni kejeli. Ilikuwa ndiyo mbinu yake yote.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Ushetu, mkulima wa tumbaku, aliyeletwa kliniki akiwa na kizunguzungu. Nilimwuliza kama anatumia dawa yoyote, akasema hapana. Nikaandika hapana. Daktari akasoma, akavuta kiti, akamsalimia upya kama vile mimi sikuwepo. Akamwuliza habari za shamba, za mabani ya kukaushia tumbaku, za mvua. Halafu akamwomba amsimulie siku yake: ukiamka unafanya nini, unakunywa nini, unameza nini, unapaka nini, unafukiza nini. Yule mama akasimulia. Katikati ya uji na kuchota maji vikatokea vidonge vya presha vya aina mbili, kimoja cha kwake na kingine cha dada yake marehemu, ambacho aliona si vizuri kukitupa.

Nikamwuliza mbona aliniambia hatumii dawa. Akanitazama kwa huruma.

"Umeniuliza dawa, mwanangu. Hivyo si dawa, hivyo ni vya kila siku."

Baadaye, tukinawa mikono, Daktari alisema neno dawa lina tabia mbaya: kwa mwingine ni kubwa mno na kwa mwingine ni dogo mno. Huyu kwake dawa ni ile unayokunywa ukiumwa, ukipona unaacha, kwa hiyo cha kila siku hakihesabiki. Wa pili, ukimwuliza kwa Kisukuma, bugota, anafikiria mizizi ya mganga, anaogopa utamfokea, ananyamaza. Wa tatu sindano tu ndiyo dawa, vidonge ni mzaha. "Neno likiwa na mlango mpana hivyo," alisema, "usilitumie kumwingilia mtu." Wala hakupenda tumwulize mgonjwa kama ana aleji. Alitaka tuulize, kuna dawa iliyowahi kukukataa? Hapo watu walikuwa na mengi ya kusema. Dawa zinawakataa watu kila siku, na wanakumbuka ilikuwa lini na walivimba wapi.

Kosa lingine alilochukia liko kwenye kila bahasha ya vidonge nchini: kutwa mara tatu, baada ya kula. Kijana mmoja alitoka machimbo ya upande wa Geita, kifua kimembana, alikuwa ametibiwa mahali pengine na hakupona. Bahasha yake ilikuwa bado nusu. Sisi tukamhukumu pale pale kuwa ni mkaidi, hamalizi dozi. Daktari akamwuliza anakula saa ngapi. Yule akasema anakula akitoka duarani, yaani shimoni, jioni. Asubuhi chai, na chai si kula. Kumbe alikuwa ametii kila neno lililoandikwa: alikula mara moja, akameza mara moja.

"Nani amekosea?" Daktari alituuliza.

Nikasema aliyeandika. Akasema hapana, aliyeandika kaandika vizuri, kaandika kwa ajili ya mtu mwingine asiyekuwepo. Mtu anayekula mara tatu. Wengi wenu mnamwandikia huyo huyo, akasema, mnamjua, anakaa vitabuni.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali ovyo. Alimchekesha mgonjwa na katika sentensi inayofuata akamtweza mwanafunzi mbele yake. Chai yake ilikuwa na sukari ya kumtosha mtoto wa shule siku nzima, huku akiwazuia wenye kisukari hata tende. Na hakuwa mtu wa kukiri. Nilipomwonyesha kwenye simu kwamba jambo moja alilokuwa akitufundisha lilikuwa limeshabadilishwa, alisoma, akarudisha simu, akasema, "Haya." Wiki iliyofuata alifundisha lile jipya kana kwamba amelifundisha siku zote.

Lakini alikuwa na furaha zake. Siku moja tulikwenda naye kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu vijijini, upande wa Kishapu, wakati wa msimu wa pamba. Mzani wa watoto uliharibika tukiwa njiani. Tabibu wa zahanati akasema tukadirie tu, mtoto unamwona. Daktari akasema macho hayana namba. Akambeba mtoto aliyekuwa na homa, mama yake nyuma, sisi nyuma ya mama, hadi kwenye ghala la kununulia pamba, akaomba mzani wa kuning'iniza. Mpimaji akasafisha ndoano kwa shati lake. Mtoto akafungwa kwenye kanga, akaning'inizwa, akanyamaza kwa mshangao.

"Daktari, huyu tumwandike pamba safi au pamba fifi?" akauliza mpimaji, kama anavyouliza kwa kila gunia, daraja la kwanza au la pili.

Mama akadakia, "Safi. Fifi ni baba yake."

Ghala zima lilicheka. Hiyo ni mara moja kati ya chache nilizomwona Daktari akicheka mpaka anashika mgongo. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko tulivyokadiria sote, yeye akiwemo. Alitufanya tupige hesabu ya dawa upya, kwa uzito ule, tukiwa tumesimama kati ya magunia.

Sasa neno lenyewe.

Alikuja mzee mmoja, mfugaji, kutoka huko huko Kishapu, sukari imempanda. Nilipewa kazi ya kumweleza vidonge vyake. Nilieleza vizuri, na hadi leo nadhani nilieleza vizuri. Nilitenganisha cha asubuhi na cha jioni, nikamwonya kuhusu kukaa na njaa, nikamwambia dalili za kumrudisha hospitali. Kila nilipopumua, mzee aliitikia, sawa. Sawa, daktari. Sawa, mama. Nilipomaliza alisema wabeja, asante ya Kisukuma, kwa mikono miwili. Nikageuka kwa Daktari nikingoja sifa.

Yeye akainama kwa mzee. "Baba, ukifika nyumbani, mama akikuuliza daktari kasema nini, utamwambia nini?"

Mzee alikuwa mtu makini, hakutaka kusema uongo.

"Nitamwambia daktari ni mtu mzuri."

Wenzangu waliangua kicheko. Nami nilicheka, kwa aibu. Daktari hakucheka. Alimshukuru mzee, akaanza upya, kidonge kimoja kimoja kwenye kiganja cha mzee mwenyewe, na kila baada ya kidonge akanyamaza mpaka mzee akairudia kazi yake kwa maneno yake. Ilichukua muda mrefu kupita kiasi. Tukitoka alisema sentensi ambayo wote tuliopita kwake tunaweza kuisema usingizini:

"Sawa si jibu. Sawa ni shikamoo ya pili."

Alimaanisha kwamba mtu wa huku hamwambii aliyevaa koti jeupe kwamba hakuelewa. Ni utovu wa adabu, ni kama kumwambia kwamba anaongea vibaya. Kwa hiyo anakupa sawa, kama anavyokupa shikamoo, na wewe ukiitikia marahaba ukaenda zako, mmesalimiana tu. Dawa bado haijaandikwa.

Nilimbishia. Nikasema hiyo ni nadharia nzuri, ila kuna watu wanasema sawa na wameelewa. Akakubali. Nikauliza utawajuaje? Akasema huwezi, ndiyo maana unauliza wote. Nikasema muda hautoshi kuwauliza wote.

Hapo sikuwa peke yangu. Muuguzi kiongozi wa kliniki, mama mtulivu ambaye hakumwogopa mtu, alimwambia mbele yetu asubuhi moja, foleni ikiwa imekunja kona ya jengo: "Daktari, wewe unawatibu vizuri sana wale unaowafikia. Wale usiowafikia wanatibiwa na duka."

Daktari alichukua faili lililofuata, akaendelea kwa mwendo ule ule. Nimelifikiria hilo kuliko sifuri zake zote. Walioondoka jioni bila kuonwa, wakanunua walichopewa dirishani bila swali hata moja, hao nao walidhurika na dawa, na uangalifu wake ulikuwa na mkono humo. Sijapata mtu wa kunishawishi vinginevyo. Wala sijapata njia nyingine ya kufanya kazi. Nikiharakisha, namwona mzee wa Kishapu. Nikienda polepole, namsikia muuguzi.

Na ule mfuko wa shati. Wote tuliuona. Katikati ya raundi, baada ya kusimama sana, alitia vidole viwili mfukoni, akatoa kidonge kutoka kwenye karatasi ya bati, akakimeza bila maji. Miaka ya pikipiki kwenye njia za vijijini ilikuwa imemwachia mgongo usioinama. Nikamwuliza, kwani nisingeuliza mimi angeuliza nani. Nikasema Daktari, hiyo ni dawa gani?

"Hii? Hii si dawa. Hii ni ya mgongo."

Akaondoka kwenda kitanda kinachofuata. Nikabaki nimesimama, nikimkumbuka mama wa Ushetu, nikitazama kama anatania. Sikuona utani wowote usoni. Mwezi ule ule alikuwa ametufundisha mambo matatu yasiyokaa nyumba moja: vidonge fulani vya presha, vidonge vya kutoa maji mwilini, na vidonge vikali vya maumivu. Kila kimoja peke yake ni mgeni mwenye adabu, alisema. Wakikutana watatu, figo ndiyo inayolala nje. Presha alikuwa nayo. Tulijua, kwa sababu tulitumia mkono wake kujifunza kupima.

Alistaafu, akahamia upande wa Runzewe, kwa mkewe, kulima na kufuga kuku. Mimi nilimaliza chuo, nikamaliza mwaka wa mafunzo, nikapangiwa kituo cha afya si mbali na huko. Nilikuwa nimesikia kwamba yupo. Sikwenda kumwona. Kazi ni nyingi, na mtu aliyekupa jina la utani unataka ukutane naye ukiwa umeshakuwa kitu.

Alikuja mwenyewe, mchana, kwenye foleni kama watu wengine. Nilimtambua kwa shati kabla ya uso, maana uso ulikuwa umejaa maji. Miguu ilikuwa imevimba mpaka amevaa kandambili. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa ameshika mkoba wa vyeti na kumshika yeye kiwiko. Nikasimama, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kama bado nauliza kwa nini. Nikamwambia siku hizi nauliza "nini". Akaitikia kwa kichwa, akaridhika kidogo.

Tulimpima. Majibu ya figo yalipokuja aliomba ayasome mwenyewe, akayashika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akayarudisha kifudifudi. Nikamwuliza anatumia dawa gani. Niliuliza hivyo kwa makusudi, sijui kwa nini, labda nilitaka anisahihishe.

"Ya presha," akasema. "Na ya kutoa maji, tangu miguu ianze."

"Basi?"

"Basi."

Mama Kulwa alikuwa anatazama dirishani. "Na zile za kuamkia," akasema, bila kumgeukia.

Nikamweleza. Nilijisikia mjinga kumweleza mtu maneno yake mwenyewe, lakini niliyasema yote: kwamba ile ya maumivu lazima ikome leo, kwamba ya kutoa maji nitaishusha, kwamba ya presha tutaibadilisha, kwamba arudi kupimwa damu wiki ijayo na baadaye tena, kwamba figo zilizobaki zinaweza kumtosha kama hatazichoma, na zikiisha kabisa itabidi asafiri kwenda kusafishwa damu, na Mama Kulwa anajua nauli na anajua nani atabaki na kuku. Nikamwandikia ya maumivu isiyogusa figo. Nikaandika kwa herufi. Alinifuata kwa macho mstari kwa mstari, hakuona cha kukosoa.

"Sawa, daktari," akasema, akanyoosha mkono kupokea cheti.

Sikumwachia. Nilijua kwamba kumwomba arudie kusingesaidia kitu. Angerudia bila kukosea, pamoja na mgeni mwenye adabu na nyumba moja. Njia aliyotufundisha ilikuwa ya kumpata asiyeelewa. Aliyeelewa kila kitu, hakutufundisha tumfanye nini. Nilitafuta swali kwa muda, nikapata hili tu.

"Kesho alfajiri mgongo ukikataa kuinuka, utafanya nini?"

Alinitazama. Kisha macho yake yakaenda kwenye koti langu, na akatabasamu kwa uchovu, upande mmoja.

"Nitamwambia Mama Kulwa daktari ni mtu mzuri."

Mama Kulwa hakujua hadithi ile, kwa hiyo hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama yeye. Nikakiweka cheti mezani, nikavuta kiti kutoka upande wangu, nikakileta upande wao, nikakaa.

"Una watu nje," akasema Daktari.

"Najua."

"Watakwambia unawatibu vizuri wale unaowafikia."

"Wameshaniambia."

Alikaa hivyo, mikono juu ya magoti, akipumua kwa kazi. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba bila vidonge hivyo hawezi kwenda chooni peke yake. Kwamba Mama Kulwa amembeba vya kutosha. Kwamba figo haziumi, mgongo unauma. Mama Kulwa akasema, kwa Kisukuma, kitu kifupi ambacho sikukishika, na yeye akatia vidole viwili mfukoni, akatoa karatasi ya bati, akaiweka mezani. Aliiweka karibu na mkono wake, si karibu na wangu.

Mlangoni mtu alikohoa kutukumbusha foleni.

"Tuanze upya," nikasema. "Ukiamka, kabla hujashusha miguu chini, unafanya nini?"